Si Kila Jozi Ni Doti ya Leso

Jumanne, mtaani Barani. Mvua haijakata tangu alfajiri, na leo sina subira hata ya kuazima.

Swabra ameilamba protoni.

Sasa hivi tu, nilipogeuka kumimina chai. Nilimkalisha mkekani na kipande cha muhogo wa kuchemsha, nikajidanganya kwamba muhogo utamshughulisha. Kumbe kauficha chini ya mto, kaja taratibu hadi kwenye kiti nilipoegesha tableti, katoa ulimi, kaupitisha juu ya ule mstari mnene mweusi, mwanzo hadi mwisho, kama fundi apakaye rangi. Kisha kanitazama kwa macho yake yaliyojaa wanja, akasema, "Tamu."

Si tamu. Ni kioo, kina vumbi na alama za vidole vyangu. Lakini nimeshindwa kumgombeza. Leo nimegombana na watu wengi mno, na mvua pia, na mtoto ndiye peke yake ambaye hakunijibu.

Naandika haya kwenye simu kwa kuwa sina la kufanya tena ila kungoja. Saa kumi Mwalimu Karisa atapeleka Kilifi jina la mmoja wetu. Mmoja tu. Huyo atakwenda chuoni huko kusomeshwa kupima, kupima kwenyewe, si huku kubofyabofya tunakofanya sisi. Na hawataki cheti cha kidato cha nne. Narudia ili nijiamini: hawataki cheti cha kidato cha nne. Mimi niliishia cha pili, mama yangu alipougua, na tangu hapo kila mlango niliobisha umeniuliza cheti kabla ya kuitikia hodi.

Huu ndio mlango wa kwanza kuniuliza kazi yangu ikoje.

Na kazi yangu, asubuhi ya leo, ilirudishwa.

Kwa asiyejua tunafanya nini, na hapa mtaani hakuna ajuaye, kwani majirani wameshakata shauri kwamba nacheza michezo ya simu na kumwachia mume wangu Athmani tuktuk na mvua zake, kazi ni hii. Ndani ya kila kitu, jiwe, muhogo, kucha ya Swabra, mna chembe ndogo mno. Si ndogo kama punje ya mchanga. Ndogo kiasi kwamba neno lenyewe halitoshi. Hakuna aliyeziona kwa macho, hata hao wataalamu. Walichofanya, zamani huko ng'ambo, ni kuzirusha ndani ya tangi la kioevu baridi ajabu, na chembe ilipopita iliacha vipovu nyuma yake, vimejipanga mstari, kama vile vya soda ila vyenye adabu. Wakapiga picha za vipovu. Picha zikakaa makabatini hata zikazeeka. Sasa zatolewa zipimwe upya ili kompyuta ifunzwe kuzisoma, na kompyuta, nimekuja kugundua, ni kama mtoto wa chekechea: haijui kitu mpaka mtu mzima aioneshe kwa kidole, hiki ni hiki, kile ni kile. Watu wazima hao ndio sisi, wanawake wachache tuliokusanywa na Mwalimu Karisa, ambaye alikuwa akisomesha fizikia sekondari kabla ya kustaafu. Kila mmoja kapewa tableti na picha zake.

Nje ya tangi waliweka sumaku kubwa, na sumaku hiyo ndiyo iletayo mambo. Chembe ya chaji hii hukunja kushoto, ya chaji ile hukunja kulia. Yenye nguvu hupita karibu kunyooka, kama mtu mwenye haraka zake. Isiyo na nguvu hujizungusha, ikajizungusha, hata ikawa konokono. Hizo huwa ni elektroni, nazitambua kwa mbali, na Swabra naye azitambua, huziita "kono". Sisi huweka alama mwanzo wa mstari, katikati na mwisho, mashine ikapiga hesabu ya mkunjo, na mkunjo ukasema. Kila chembe ina uzito wake, chaji yake na umri wake. Ikishapimwa hutiwa kwenye fungu pamoja na wa kabila lake. Basi. Pima, tia fungu. Pima, tia fungu. Mpaka nikitazama ukuta mtupu naona mistari.

Halafu kuna zisizo na chaji.

Hizo haziachi kipovu hata kimoja. Sumaku haiziwezi, kamera haizioni. Hupita kimya, kisha ghafla zikavunjika na kuwa mbili zenye chaji, na hizo mbili ndizo zionekanazo: miguu miwili itokayo mahali pasipo na kitu, kama herufi V. Mzazi humwoni. Wamjua kwa watoto. Na lile pengo tupu, tokea alikozaliwa hadi alipovunjika, likipimwa laonyesha aliishi kiasi gani.

Siku ya kwanza Mwalimu alipotueleza hayo niliaga nakwenda chooni, nikalia kidogo. Mama yangu hakuacha hata picha moja. Ukitaka kujua alikuwaje, itabidi ututazame mimi na kaka yangu.

Basi nikazipenda V kuliko picha nyingine zote. Na ndizo nilizoziharibu.

Simu ya Mwalimu ililia asubuhi nikishona, pini mdomoni. Nikazitema.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mama Swabra. Wazima nyote? Mtoto je?"

"Mzima, ila gego lamsumbua."

"Pole yake. Sasa hebu niambie, V umezipeleka wapi?"

Nikamwambia nilizoziona nimezitia kwenye fungu la V.

"Umetia chache. Nyingine nimezikuta kwenye mikwaruzo. Fungu la mikwaruzo limefura kama andazi. Hao waliopiga picha, mama, walikuwa wakizikwaruza kwa kucha?"

Fungu la mikwaruzo ni la picha zilizochubuka kwa uzee, mistari ambayo si chembe, ni uchakavu tu. Nikamwambia zile nilizozitupa hazikuwa V za kweli. Mguu mmoja mrefu, umenyooka. Mwingine mfupi, umejikunja. Hazilingani.

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Nani aliyekwambia zilingane?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimtaje aliyeniambia, nisimpate. Hakuna aliyeniambia. Nikatazama chini, na mapajani mwangu ilikuwapo doti ya leso nimeikunja, pembe kwa pembe.

Yaani nilitamani kuitupa dirishani, na pini zake.

Mavyaa wangu Bi Mwanaisha, mama yake Athmani, kazi yake ni leso. Watu humletea doti, vipande viwili vimeshikana vilivyo, sisi twavikata na kuvishona pindo. Kabla ya kutia mkasi lazima uikunje doti, upande kwa upande, mji wa katikati juu ya mji, jina lililoandikwa juu ya jina. Kipande kimoja kikizidi, hata kwa upana wa kidole, doti hiyo ni mbovu, yarudi dukani, hakuna mjadala. Ndilo jambo la kwanza alilonifunza nilipoingia nyumba hii, kabla hata hajanionyesha jiko. Mikono yangu sasa hufanya yenyewe nikiwa nawaza mengine. Basi kila V iliyonijia niliikunja kichwani, mguu juu ya mguu. Ilipolingana, niliitia. Isipolingana, nikairudisha dukani.

Na sikujua kama nafanya hivyo! Hilo ndilo liniudhilo. Ningekosea kwa kutojua hesabu, ningesema sawa, sikusoma. Lakini nimekosea kwa kitu nikijuacho vizuri.

Mwalimu hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alicheka, kisha akashusha sauti kama aliyekumbuka kuwa mimi ni mtu mzima.

"Sikiza. Chukua lori la chumvi la Gongoni, na uchukue tuktuk ya mumeo. Upepo mmoja uwapige wote ubavuni. Nani atasukumwa?"

"Tuktuk."

"Lori je?"

"Litapepesuka kidogo tu."

"Basi. Wametoka nyumba moja, lakini mmoja ndiye aliyebeba karibu mwendo wote wa mzazi, kwa kuwa ni mzito. Huyo sumaku haimpindi sana. Mwenzake mwepesi hujikunja. Ile V ya miguu mibaya, mama Swabra, hiyo ndiyo tuitafutayo. Hiyo ina protoni mguu mmoja."

Nikauliza mbona basi picha ya mfano aliyotupa siku ya mafunzo ilikuwa na miguu sawasawa, kama nywele zilizotiwa wembe na kinyozi.

"Ile," akasema Mwalimu, na nilisikia anajikuna, "nilichagua iliyopendeza."

Iliyopendeza!

Nikasema ahsante, mwalimu. Nimelelewa. Ila moyoni nilimwambia yote, na mengine si ya kuandikwa hapa ambapo huenda akasoma.

Akamalizia kwa kusema nizipitie upya kabla ya saa kumi. "Jina lako ndilo lililokuwa juu," akasema. "Lakini nikilipeleka na V hizi, huko watanicheka mimi. Itabidi nipeleke la mwingine." Lililokuwa. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu tangu asubuhi.

Nikafungua fungu la mikwaruzo. Nikashusha kwa kidole, nikashusha, nikashusha, halikwisha.

Na hapo ndipo stima ilipopotea.

Mtu akitaka kuijua hasira asikae na mbuzi wala na askari. Akae na tableti ambayo chaji yake yaisha, siku ya mvua, na mtoto mwenye gego. Swabra alikuwa akilia kile kilio chembamba kisichohitaji machozi. Nikimweka chini alia, nikimpakata aivuta tableti. Nilimfunga mgongoni kwa leso, akanipiga visigino. Kila nikiweka alama, kisigino, alama yaruka, protoni inakuwa konokono. Nikamwambia, "Swabra, mama yako atakufa leo." Akacheka. Alidhani ni mchezo.

Mavyaa akatoka chumbani kwake na kanzu ya bwana harusi begani. Leso zile zilizokuwa mapajani mwangu ni za harusi ya jirani. Kina mama wote wa upande wa bibi harusi watavaa sare.

"Mwanangu," akasema, "hizo buibui za kwenye kioo zaliwa na wali ama na mkate?"

"Mama, nipe mpaka saa kumi tu."

"Na bibi harusi nimwambie vivyo hivyo? Kwamba angoje saa kumi, mke wa mwanangu yuahesabu miguu?"

"Nilizitupa zisizolingana, mama. Kumbe ndizo zitakiwazo."

"Zisizolingana ndizo zitakiwazo," akarudia. "Hiyo ni kazi ya wapi?"

Nikataka kumweleza lori na tuktuk, lakini nikainamia tableti. Sikutaka kulia mbele yake kwa ajili ya chembe. Nadhani aliona. Hakusema pole, mavyaa wangu neno hilo hulitunza kwa misiba. Alinipokonya tu doti ile mapajani, akaitazama upande kwa upande, akaketi mlangoni penye mwanga, akatia uzi sindanoni kwa macho yake yale mabovu. Uzi ulikataa, ukakataa, ukakubali.

"Fanya upesi," akasema. "Na simfichi mtu, pindo likienda kombo nitasema ni wewe."

Ameshona tangu saa hiyo, na tangu saa hiyo yuanung'unika. Hata sasa namsikia.

Saa sita Athmani akarudi, kalowa hadi kope. Siku kama ya leo mjini hakuna abiria, na walio nje hawana nauli ya kumtuliza dereva.

"Mbona kimya? Kuna msiba?" akauliza.

"Tableti yazimika."

"Basi si ya mradi? Mradi uiwashe."

Nilimtazama kwa jicho ambalo tangu tuoane sikuwahi kumtazama nalo. Akavua kofia, akasema polepole, "Kwenye tuktuk mna waya."

Hivyo ndivyo nilivyopimia chembe za ulimwengu nikiwa kiti cha nyuma cha tuktuk, imeegeshwa mbele ya mlango wetu, injini yaunguruma ili waya utoe stima, turubai limeshushwa pande zote mbili na mvua yapiga juu yake kama mtu apembuaye mchele. Swabra alinyamaza tulipoingia tu. Ule mtikisiko wa injini ndio dawa ya gego, laiti ningejua tangu juma lililopita. Alilala kifuani mwangu, kinywa wazi, mate yakinitiririkia. Athmani mbele, mikono juu ya usukani, hana pa kwenda.

"Petroli hii yaungua bure," akasema.

"Haiungui bure."

"Nasema tu."

Mama mmoja aliyebeba ndoo akaja mbio akafunua turubai. "Mpaka sokoni!"

"Imejaa," Athmani akamjibu.

Yule mama akanitazama mimi na mtoto, akatazama nafasi tele kandoni mwangu. "Imejaa nini?"

"Protoni," akasema mume wangu.

Nilicheka hadi nikakosea alama. Ndiyo mara yangu pekee ya kucheka leo, na naiandika ili nisije nikasema kesho kwamba siku yote ilikuwa mbaya.

Kazi ikaenda. Nikishajua cha kutafuta, zilinijia zenyewe. Huu mguu mnene ulionyooka, huyo ndiye mzito. Huu mwembamba uliopinda na kujikunja, huyo ndiye mwepesi. Mwanzo, kati, mwisho. Mwanzo, kati, mwisho. Kisha pengo, toka pale zilipogongana chembe, mzazi akazaliwa, hadi ncha ya V. Nyingine pengo fupi, hujazoea kuwapo umeshavunjika. Nyingine refu hata nikajiuliza mzazi aliwezaje.

Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nachelewa. Nikawa napiga hesabu ya kilichobaki na ya saa, na hesabu haikubali.

Sidi akaja na mwavuli wake uliovunjika mbavu. Sidi ni mwenzangu kazini, kwao Marafa, na yake aliimaliza juzi bila neno moja la lawama. Kiti cha kusomea Kilifi hakitaki. Ana watoto wanne na mbuzi wasiomsikia mtu ila yeye. Akajibanza nami kwenye kiti, akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Wee dada, wajitesa. Chochote chenye miguu miwili, bonyeza V. Zote. Dakika kumi umemaliza."

"Na zile ambazo si V?"

"Nani atajua? Si zimepitiwa na wewe, na aliyezitazama ni wewe?"

Athmani akageuka. "Sidi ana akili," akasema.

Naungama: nilibonyeza moja. Bila kupima. Ilikuwa na miguu miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi, ilinyanyuka vizuri, nikabonyeza V nikaenda mbele. Mkono ulikuwa mwepesi. Nikasema kumbe ni rahisi hivi. Kisha, sijui kwa nini, nikarudi nyuma nikaikuza. Nikaona vipovu havikuanzia kwenye ncha. Mstari mmoja ulikuwa umetoka mbali huko, ukapita juu ya mwenzake, ukaenda zake. Walipishana tu. Hawakutoka nyumba moja. Hawajuani.

Nikaitazama sana picha ile.

Ningeiacha, kompyuta ingeamini kwamba hapo palikuwa na mzazi. Ingemhesabia umri. Ingempa uzito. Mzazi ambaye hakuwapo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikilia chooni kwa ajili ya hao wasioacha alama! Nikaona aibu kama nimemwandikia mtu mama asiye wake.

Nikamwambia Sidi hapana. Akasema, "Shauri yako, mwana wa watu," akanibana shavu, akaondoka na mwavuli wake. Sidhani kama ameudhika. Sidi haudhiki na watu, mbuzi ndio wanaomtosha.

Basi nikaendelea moja moja. Nilizoweza kupima nimezipima. Zilizonishinda, zile ambazo mkwaruzo wa kweli umepita juu ya mguu hata usijue kipovu ni kipi na mchubuko ni upi, nimeandika "sijui". Kuna mahali pa kuandikia, sisi sote hupaacha patupu kwa kuona haya. Na zilizobaki, ambazo sikuzifikia, nimeandika "sijapima", nikamwachia Mwalimu ujumbe mfupi: Mwalimu, sikumaliza, nilizopima nimepima kweli, samahani.

Nikatuma kabla saa kumi haijafika. Athmani akazima injini, na kimya kile kikamwamsha Swabra.

Mwalimu akajibu neno moja.

"Imefika."

Imefika! Imefika nini? Mzigo? Mchele? Mtu aandika ujumbe mrefu wa moyo wake, ajibiwa kama aliyetuma gunia. Nimelisoma neno hilo kwa kila sauti niwezayo. Kwa sauti ya furaha: imefika! Kwa sauti ya daktari: imefika. Halisemi kitu. Hata chembe isiyo na chaji huvunjika mwishowe ukajua ilikuwa nini. Mwalimu Karisa havunjiki.

Nami sasa nimerudi ndani, nimeketi. Mtandao waja na kwenda na kila wingu. Picha moja nimeiacha wazi kwenye tableti, ile niliyoipenda, yenye pengo refu na mguu mnene mweusi, nami naitazama huku naandika. Ndiyo hiyo aliyoilamba mwanangu. Najiambia wakimpeleka mwingine nitaendelea tu na hizi, hakuna aliyenifukuza. Najiambia hivyo, lakini nasema uongo. Nakitaka kiti kile. Nakitaka hata meno yaniuma. Nataka mtu anifunze kwa nini sumaku hukunja, si kwamba tu hukunja. Nataka Swabra akiulizwa shuleni mama yako afanya kazi gani, aseme neno ambalo mwalimu itabidi aulize mara ya pili.

Ni makosa kutaka hivyo, mtu wa kidato cha pili, na leso hazijaisha, na chakula cha jioni hakijatelekwa?

Nimejiuliza na sijapata jibu, ila naona nikiwa nangoja hivi mikono yangu haikutulia, imechukua kitambaa cha Swabra ikakikunja pembe kwa pembe. Nitajifunza lini kuiacha? Labda nisiiache. Labda niijue tu, ili ikianza nijue imeanza, nami nita

Mavyaa aniita toka uani. "Mama Swabra! We mama Swabra! Mwalimu wako kapiga kwangu, yako haishiki! Auliza huko Kilifi utakwenda na mtoto ama wamwacha kwa"

Kasema Kilifi. Athmani, umesikia, kasema Kilifi? Naja, mama! Mwambie asikate! Mwambie nakwenda naye, bado anyonya, na kama hawana pa kumweka nitamfunga mgongoni, hatasumbua, ila wasimwekee vioo karibu kwa sababu ana tabia ya ku